Harakati za Kiroho Zinazotaja Sayansi: Zilinganishe Hivi Kabla Hujachagua

Siku hizi ukikaribishwa kwenye harakati ya kiroho, iwe ya taamuli (kukaa kimya na kuituliza akili), ya uponyaji au ya kuamsha nafsi, haipiti saa moja kabla neno sayansi halijatajwa. Mmoja atakuonyesha mchoro wa mawimbi ya ubongo. Mwingine atataja fizikia ya kwanta. Wa tatu atasema wanasayansi ndio kwanza wanagundua yale ambayo walimu wake waliyajua karne na karne. Na yuko wa nne, mara nyingi mpole kuliko wenzake, atakayekuambia kwamba sayansi ina kazi yake na imani ina kazi yake, wala haoni haja ya kuzichanganya.

Watu wengi huchagua kwa kuhesabu ni nani ametaja tafiti nyingi. Nakusihi usichague hivyo, kwa sababu wingi wa tafiti haukwambii zilipima nini. Uliza hivi: je, harakati hii inakubali athari itenganishwe na maelezo yake? Jambo laweza kukutuliza kweli kweli, na bado sababu unayopewa ya utulivu huo ikawa si ya kweli. Harakati inayoruhusu mambo hayo mawili yatazamwe kila moja peke yake inaaminika kwa mengi. Inayokuambia kwamba ukipata nafuu basi umekwisha kuthibitisha mafundisho yake yote, hiyo nenda nayo polepole.

Kwa kipimo hicho nitazilinganisha hapa. Sitazipa nafasi sawa, maana nyingine zinaeleweka kwa maneno machache na nyingine zinataka tukae nazo.

Wanaoazima maneno

Njia kongwe kuliko zote ni kuazima lugha ya sayansi inayovuma wakati huo. Franz Anton Mesmer alipokuwa akitibu watu Paris katika miaka ya 1780, alifundisha kwamba kuna sumaku ya viumbe, kitu kama maji kisichoonekana kinachopita ndani ya miili na kinachoweza kuelekezwa na mganga. Mwaka 1848, huko Hydesville katika jimbo la New York, dada wawili wa ukoo wa Fox walisema wanajibiwa na roho kwa sauti za kugonga. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu Morse atume ujumbe wake wa telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore, na waumini wakayaita mawasiliano hayo telegrafu ya kiroho. Kemia ilipojaa habari za atomu, Annie Besant na Charles Leadbeater wa Jumuiya ya Theosofia, harakati iliyotafuta hekima ya siri ndani ya dini zote, walichapisha kitabu mwaka 1908 wakieleza umbo la atomu kama walivyodai kuliona kwa jicho la ndani. Leo neno linaloazimwa ni kwanta.

Habari ya Mesmer inafaa kukumbukwa kwa sababu alipimwa vizuri. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliteua tume iliyokuwa na Benjamin Franklin na mkemia Antoine Lavoisier. Mti mmoja katika bustani ya Franklin ulitiwa sumaku hiyo na mfuasi wa Mesmer. Kisha mvulana wa miaka 12 akaletwa macho yamefungwa, akapitishwa kwenye miti minne ambayo haikuwa imeguswa. Alizidi kulemewa kila mti, na kwenye wa nne akazirai. Mti wenye sumaku haukuwa miongoni mwa hiyo minne. Tume haikusema mtoto yule alijifanya. Ilisema alizirai kweli, ila kilichomwangusha ni imani yake mwenyewe na si sumaku. Athari ilikuwepo, maelezo yakaanguka. Sijui mfano mwingine unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko huo.

Sasa kuhusu kwanta, maana hapo ndipo watu wengi wanapotekwa. Utaambiwa kwamba katika fizikia hiyo, inayohusu chembe ndogo kabisa za vitu, mtazamaji hubadilisha kinachotazamwa, kwa hiyo mawazo yako huumba ulimwengu wako. Lakini katika maabara, kutazama maana yake ni chembe kukutana na chombo cha kupimia. Chombo hicho kinaweza kufanya kazi usiku kucha katika chumba kisicho na mtu hata mmoja, na matokeo yakawa yale yale. Akili ya mtu si sehemu ya hesabu. Isitoshe, hali za ajabu ambazo chembe huwa nazo katika fizikia hii ni nyeti mno. Zikigusana na joto na msukosuko wa vitu vinavyozizunguka, kwa kawaida huvunjika katika muda mfupi usioelezeka. Anayetumia neno kwanta kueleza uponyaji wa mwili wenye joto na unyevu, muulize kwa heshima: ni jaribio gani likifanyika litaonyesha kwamba umekosea? Mesmer alikuwa na jibu la swali hilo, hata kama hakulipenda. Anayeazima maneno tu hana.

Ndani ya kundi hili kuna tukio moja la kisheria linaloonyesha jinsi mpaka unavyoweza kuchorwa kwa nguvu kutoka nje. Scientology, harakati inayojiita kanisa, ilianzia kwenye mafundisho ya Dianetics ya L. Ron Hubbard, yaliyochapishwa mwaka 1950 kama sayansi ya akili, na hutumia chombo kinachoitwa E-meter, kinachopima jinsi ngozi inavyopitisha umeme. Mwaka 1963 mamlaka ya dawa ya Marekani ilivikamata vyombo hivyo kwa sababu ya madai ya tiba yaliyoambatana navyo. Mwaka 1971 mahakama iliamua kwamba chombo kinaweza kutumika katika ushauri wa kidini peke yake, tena kibandikwe maelezo kwamba hakina faida ya kitabibu wala ya kisayansi katika kupima au kuponya ugonjwa. Yaani jambo lile lile, likiitwa dini, lilipata ulinzi. Likiitwa tiba, lilitakiwa kuleta ushahidi. Ukikutana na harakati inayohama kati ya majina hayo mawili kulingana na anayeuliza, umejua unachoshughulika nacho.

Transcendental Meditation na uzingativu wa hospitali

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hizi mbili ndizo ambazo mtu wa kawaida ana uwezekano mkubwa wa kuziwekea muda na fedha zake, na kwa mbali zinafanana: unakaa kimya, unafumba macho, unaambiwa kuna tafiti. Mapatano yao na sayansi ni tofauti kabisa.

Transcendental Meditation ililetwa nchi za Magharibi na Maharishi Mahesh Yogi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwanafunzi hupewa mantra, neno la Kisanskriti analolirudia kimoyomoyo, dakika 20 asubuhi na 20 jioni. Mwaka 1970 Robert Keith Wallace alichapisha katika jarida la Science utafiti ulioonyesha kwamba watu wakiwa katika taamuli hii hutumia oksijeni kidogo na mapigo ya moyo hushuka. Ulikuwa mlango mkubwa. Daktari wa moyo wa Harvard, Herbert Benson, akashirikiana naye, kisha akafanya lile ambalo mtafiti mwaminifu hulifanya: akajiuliza kama utulivu huo unatokana na mantra ile hasa. Mwaka 1975 akatoa jibu lake katika kitabu. Mwili hutulia vivyo hivyo mtu akirudia neno lolote, hata "moja", akiwa amekaa kwa raha na akiyaacha mawazo yapite bila kupigana nayo.

Tazama kilichotokea baada ya hapo. Benson alikuwa ametenganisha athari na maelezo. Harakati haikukubali kutengana huko. Ilishikilia kwamba mantra zake na namna zinavyotolewa ni za pekee, na madai yake yakapanda juu badala ya kushuka. Mwanafizikia John Hagelin, aliyekuwa na kazi halisi katika fizikia ya chembe, alifundisha kwamba fahamu iliyo tulivu ndiyo ule uga mmoja wa msingi, unaounganisha nguvu zote za maumbile, ambao wanafizikia wanautafuta. Katika kiangazi cha 1993 wafuasi wapatao 4,000 walikusanyika Washington kufanya taamuli pamoja ili uhalifu upungue. Baadaye walitangaza kwamba uhalifu wa kutumia nguvu ulipungua kwa zaidi ya asilimia 20, lakini upungufu huo ulihesabiwa kwa kulinganisha na makadirio yao ya kiasi ambacho uhalifu ungefikia wao wasipokuja. Kipimo cha namna hiyo humtegemea sana anayekadiria.

Na kuna suala la dini. Katika miaka ya 1970 taamuli hii ilifundishwa katika shule za umma za New Jersey kama sayansi ya akili bunifu. Wazazi wakaenda mahakamani. Mahakama ikaangalia sherehe ambayo mwanafunzi hupewa mantra yake: huleta matunda, maua na leso nyeupe, na mwalimu huimba kwa Kisanskriti mbele ya picha ya mwalimu wa Maharishi. Mwaka 1977 iliamuliwa kwamba hayo ni mafundisho ya dini, na mahakama ya rufaa ikakubaliana mwaka 1979.

Sisemi hayo ili kuidharau sherehe ile. Kuimba mbele ya picha ya mwalimu aliyetangulia ni adabu nzuri, na mtu anayeipenda asiione haya. Kinachonisumbua ni mwanafunzi kuambiwa kwamba si dini, kisha kusimamishwa mbele ya wimbo asiouelewa. Kama ni ibada, basi aambiwe ni ibada, achague akiwa anajua.

Kwa haki pia niseme: mwaka 2013 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia ushahidi wa njia zisizo za dawa za kushusha shinikizo la damu, kikasema Transcendental Meditation inaweza kufikiriwa kama nyongeza, ilhali aina nyingine za taamuli hazikuwa na ushahidi wa kutosha. Ilikuwa ngazi ya chini ya pendekezo, na nafuu yenyewe ni ndogo, lakini ipo. Anayekuambia harakati hii haina chochote hajasoma vizuri.

Upande wa pili yuko Jon Kabat-Zinn. Alisomea biolojia ya molekuli katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, na huku akijifunza taamuli ya Zen, tawi mojawapo la Ubudha, kwa mwalimu Mkorea Seung Sahn. Mwaka 1979 alianzisha kliniki katika chuo cha tiba cha University of Massachusetts kwa ajili ya wagonjwa ambao madaktari walikuwa wamefika mwisho nao, hasa wenye maumivu ya kudumu. Kozi yake ikaja kuwa ya wiki 8: kikao kimoja kila wiki, mazoezi ya nyumbani kila siku, na siku moja nzima ya ukimya. Unajifunza kuangalia pumzi, kuupitia mwili kiungo kwa kiungo, na hata kula zabibu kavu moja polepole ukiizingatia. Huo ndio uzingativu, kwa Kiingereza mindfulness.

Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alijitahidi kwa makusudi programu yake isionekane ya Kibudha wala ya mafumbo, kwa kuwa hospitali isingeipokea. Alilipa bei ya kuingia: maelezo yote ya Kibudha kuhusu kuzaliwa upya, karma (malipo ya matendo) na ukombozi aliyaacha mlangoni. Kilichobaki ni zoezi lililo tayari kupimwa na mtu yeyote, hata asiyeipenda dini.

Nalo limepimwa. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 ya programu za taamuli yenye washiriki 3,515. Uzingativu ulionyesha ushahidi wa wastani wa kupunguza wasiwasi, huzuni na maumivu. Haukuonyeshwa kuwa bora kuliko matibabu mengine kama dawa au mazoezi ya mwili. Mwaka 2022 jaribio lenye watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi lilionyesha kwamba kozi hii ya wiki 8 haikuzidiwa na escitalopram, dawa inayotumika sana kwa ugonjwa huo. Hayo ni matokeo ya kiasi, na uzuri wake ni huo huo ukiasi. Ninapoona harakati inanukuu utafiti unaosema "inasaidia kidogo, katika mambo haya, si katika yale", napata imani nayo zaidi kuliko ninapoambiwa inatibu kila kitu.

Lakini hasara ipo, nayo haizungumzwi vya kutosha. Katika mapokeo ya Kibudha taamuli haisimami peke yake. Inakwenda na maadili, kutoua, kutoiba, kusema kweli. Ukiivua maadili hayo unabaki na mbinu, na mbinu hutumika na yeyote. Makampuni huwafundisha wafanyakazi uzingativu wavumilie kazi zisizovumilika. Majeshi pia yameutumia. Mtu aliyekuja akitafuta namna ya kuishi atapewa namna ya kupumua, na baada ya miezi kadhaa atajiuliza mbona bado ana njaa.

Baina ya hizi mbili, kwa mtu anayetafuta nafuu ya msongo peke yake, mimi ningechagua uzingativu wa hospitali bila kusita. Unajua unachopewa, unajua kilichopimwa, na ukiacha hakuna anayekuambia umeiacha njia ya kweli.

Wanaokaa meza moja

Mwaka 1987 Dalai Lama wa 14, kiongozi wa kiroho wa Wabudha wa Tibet, alikaa Dharamsala, India, kwa siku kadhaa na wanasayansi wachache. Waliouandaa mkutano ule walikuwa Francisco Varela, mwanabiolojia kutoka Chile, na Adam Engle, mwanasheria. Kutoka hapo ikazaliwa Mind & Life Institute, na mazungumzo yameendelea tangu wakati huo. Watawa wenye maelfu ya saa za taamuli wameingia maabara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, ambao Richard Davidson alikuwa mmoja wa watafiti wake, uliwapima watu 8 wenye uzoefu wa kati ya saa 10,000 na 50,000, ukaona mawimbi ya gama, yale ya ubongo yaendayo kasi sana, yenye nguvu isiyo ya kawaida wakiwa katika taamuli ya huruma. Watu 8 ni wachache, na haijulikani kama taamuli ndiyo iliyoubadilisha ubongo wao au watu wenye ubongo wa namna hiyo ndio wanaodumu katika taamuli. Hata hivyo walikubali kupimwa.

Kinachoitofautisha meza hii na nyingine ni kwamba kila upande uko tayari kupoteza kitu. Dalai Lama aliandika mwaka 2005 kwamba sayansi ikionyesha kwa hakika kuwa dai fulani la Kibudha ni la uongo, basi Wabudha hawana budi kukubali na kuliacha dai hilo. Na hakuishia kwenye maneno: maelezo ya maandiko ya kale kuhusu ulimwengu wenye mlima Meru katikati (mlima wa masimulizi ya kale ya India, si ule wa Tanzania) aliyaweka kando waziwazi, akasema hayalingani na yanayojulikana. Vyuo vya watawa wa Kitibeti vimeanza kufundisha sayansi, kwa msaada wa Emory University. Nenda kaulize harakati yako ni fundisho gani imewahi kuliacha kwa sababu ya ushahidi. Ukimya utakaoupata utakufundisha mengi.

Pamoja na hayo, usidhani mpaka haupo. Upo, na umewekwa kwa ustadi. Dalai Lama hutofautisha kati ya jambo ambalo sayansi haijalipata na jambo ambalo sayansi imepata kwamba halipo. Kuzaliwa upya, kwake, kuko katika kundi la kwanza. Kimantiki yuko sawa: kutokuona si sawa na kuona kwamba hakuna. Ila upambanuzi huo pia ni kivuli kizuri sana cha kupumzikia, maana fahamu iliyoelezwa kama kitu kisichotokana na maada haiwezi kukutwa na chombo chochote cha maada. Wako wanasayansi waliokasirika. Alipoalikwa mwaka 2005 kuhutubia mkutano wa Society for Neuroscience, chama cha wanasayansi wa ubongo, huko Washington, mamia walitia saini kupinga. Mimi nadhani walikosea kupinga, kwa kuwa mtu anayesema hadharani ni lipi angeliacha ni mgeni anayestahili kusikilizwa. Lakini wewe unayeingia kwa mlango huo, ingia ukijua kwamba meza ya mazungumzo iko sebuleni. Vyumba vya ndani vina mambo ambayo hayapimwi.

Wabahai, wafuasi wa dini iliyoanzia Iran katika karne ya 19, nao wana msimamo unaokaribia huu. 'Abdu'l-Bahá, kiongozi wao wakati huo, alifundisha Paris mwaka 1911 kwamba dini na sayansi ni mabawa mawili ya ndege mmoja: anayeruka kwa bawa la dini peke yake huangukia ushirikina, na anayeruka kwa bawa la sayansi peke yake huangukia kwenye tope la kupenda vitu. Na maandiko yao yanamwagiza mgonjwa amwendee tabibu hodari. Dalili hiyo ya mwisho ni ndogo kwa kuitazama. Sasa tuone uzito wake.

Pale ambapo mpaka unagharimu uhai

Mary Baker Eddy alichapisha mafundisho ya Christian Science mwaka 1875, na kanisa likaanzishwa 1879. Neno sayansi liko ndani ya jina lenyewe. Fundisho la msingi ni kwamba maada si uhalisi wa mwisho, na ugonjwa ni kosa la akili linaloponywa kwa kuitambua kweli ya Mungu. Mgonjwa husaidiwa kwa sala na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, na ushuhuda wa waliopona husomwa na kusimuliwa katika mikutano ya Jumatano.

Nawaheshimu watu wa imani hii kwa ukweli wa maisha yao. Lakini angalia aina ya ushahidi. Katika mkutano wa ushuhuda husimama aliyepona. Ambaye hakupona hasimami. Hakuna mahali ambapo matokeo mabaya yanaandikwa yakalinganishwa na mazuri, na bila hesabu ya pande zote mbili hakuna sayansi, hata jina likiwa hilo. Hapa athari na maelezo vimefungwa pamoja kabisa: kupona ndiyo uthibitisho wa fundisho, na kutopona maana yake ni kwamba kazi ya sala haijatimia.

Mwaka 1998 jarida la Pediatrics lilichapisha uchunguzi wa vifo vya watoto 172 nchini Marekani kati ya 1975 na 1995, watoto ambao hawakupewa matibabu kwa sababu za kidini. Walitoka katika makundi mengi ya imani, si hili moja. Kati yao, 140 walikuwa na magonjwa ambayo kwa matibabu ya kawaida zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa huishi. Nimeirudia idadi hiyo mara nyingi na bado inanichoma. Mtu mzima ana haki ya kuchagua kwa mwili wake. Mtoto hachagui.

Ndiyo maana agizo la Wabahai la kumwendea tabibu, na desturi ya hospitali ya kuufanya uzingativu uwe nyongeza ya dawa na si mbadala, yana uzito kuliko hotuba zote kuhusu upatano wa dini na sayansi. Ukiwa mgonjwa, au ukiwa na mgonjwa, uliza swali moja kwanza: mkinifundisha, je, daktari wangu ataendelea kuwa daktari wangu?

Wanaogawana mipaka

Wale wapole wa mwanzo wana babu mashuhuri. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, alionyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka kwenye atomu ya awali. Mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia akiona katika nadharia hiyo kitu kinachoshuhudia uumbaji. Ungetarajia padri afurahi. Hakufurahi. Aliona nadharia ya fizikia ni lazima ibaki wazi kwa muumini na asiyeamini, na kwamba imani inayoegemea nadharia itayumba siku nadharia ikirekebishwa. Papa hakuirudia hoja hiyo katika hotuba yake kwa wanaastronomia mwaka uliofuata.

Mwanabiolojia Stephen Jay Gould aliupa msimamo huu maelezo rasmi mwaka 1997: sayansi hushughulika na jinsi dunia ilivyo, dini hushughulika na maana na maadili, na kila moja ikae katika himaya yake. Faida yake ni amani. Kasoro yake ni kwamba dini nyingi husema pia mambo kuhusu jinsi dunia ilivyo, na hapo ukuta hautoshi.

Hata hivyo kuna utafiti unaonifanya niuone ukuta huo kuwa wa busara kuliko nilivyodhani nikiwa kijana. Mwaka 2006 Benson, yule yule wa neno "moja", alichapisha matokeo ya utafiti wa maombi kwa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo katika hospitali 6. Wasiojua kama wanaombewa walipata matatizo kwa asilimia 52 wakiombewa na 51 wasipoombewa. Walioombewa na wakajua kwamba wanaombewa walipata matatizo kwa asilimia 59. Muumini hakupata alichokitaka, na mwanasayansi hakujifunza lolote kuhusu Mungu. Anayemwombea mama yake kitandani hafanyi jaribio, anampenda. Kulipeleka jambo hilo kwenye jedwali la takwimu ni kulivunja kabla ya kulipima.

Basi, unatafuta nini?

Kama ni usingizi, wasiwasi au maumivu yanayokaa, chukua kozi ya uzingativu ya wiki 8 na usilipe zaidi kwa ajili ya ngazi za juu. Kama una imani yako tayari na mwaliko huu umekutia shaka kwa sababu tu umetaja maabara, huna haja ya kuhama. Msimamo wa Lemaître unakutosha, na unaweza kusoma sayansi usiku na kusali asubuhi. Kama unatafuta njia nzima ya kuishi, pamoja na jamii na maadili, nenda kwa wale wa meza ya mazungumzo, ukae nao mwaka mmoja kabla hujaahidi chochote.

Kama umefiwa, na umeambiwa kuna anayeweza kukuunganisha na marehemu kwa njia iliyothibitishwa, hapo nakuomba usubiri. Margaret Fox, mmoja wa wale dada wa 1848, alipanda jukwaani New York mwaka 1888 akaonyesha jinsi alivyokuwa akitoa ile sauti ya kugonga kwa viungo vya vidole vya miguu. Mwaka uliofuata alikana ungamo lake, na harakati ikaendelea kana kwamba hakusema kitu. Huzuni haina uwezo wa kupima ushahidi, na wanaojua hivyo ni wengi.

Na lolote utakalochagua katika haya ya taamuli, kama umewahi kuugua akili, kusikia sauti au kupitia jambo la kutisha ambalo bado linakurudia usiku, mweleze mwalimu kabla ya kikao cha kwanza. Wapo watu ambao ukimya mrefu umewazidishia hofu badala ya kuipunguza, na watafiti wamewahoji na kuyaandika. Mwalimu anayekusikiliza, akapunguza muda wako au akakurudisha kwa daktari, mshike. Anayekujibu kwamba hofu hiyo ni sumu inayotoka na uendelee tu, ondoka siku hiyo hiyo.